KUHAMISHA KUMBUKUMBU ZA BIASHARA WAKATI WA KUBADILISHA VYOMBO VYA KUHIFADHIA
Somo kwa wafanyabiashara na mawakala wenye ofisi Kurasini

Wafanyabiashara wa Unguja na Pemba wanaopitisha bidhaa zao katika Bandari ya Dar es Salaam, pamoja na mawakala wao wa forodha wenye ofisi katika eneo la Kurasini, Wilaya ya Temeke, wanatanabahishwa juu ya jambo ambalo aghalabu hupuuzwa mpaka hasara imekwisha kuingia. Jambo lenyewe ni namna ya kuhamisha kumbukumbu za biashara pale kompyuta, seva au diski za zamani zinapoondolewa na kuwekwa mpya. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari limo ndani ya diski, na anayeitupa diski bila ya kulihamisha daftari ameitupa mali yake kwa mkono wake mwenyewe.

KURASINI NA WINGI WA KUMBUKUMBU ZAKE

Kurasini ni mlango wa bandari. Hapo ipo gati ya mafuta, zipo yadi za makontena na maghala, na tangu mwaka 2016 lipo daraja linalopaunganisha na Kigamboni. Kila kontena linalopita hapo huacha nyuma yake mlolongo wa karatasi: hati ya shehena, ankara ya muuzaji, tamko la forodha, stakabadhi ya ushuru, malipo ya bandari na idhini ya kutolea mzigo. Wakala mwenye wateja wachache tu hujikuta, baada ya miaka kumi, ana maelfu ya mafaili.

Zamani mafaili hayo yalikuwa ya karatasi na yalikaa kabatini. Sasa mengi yamo katika kompyuta, na mifumo yenyewe hubadilika. Mwaka 2014 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kutumia mfumo wa forodha wa TANCIS badala ya ule wa ASYCUDA++ uliotangulia. Mabadiliko kama hayo hayamwondolei mfanyabiashara wajibu wa kutunza nakala zake mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi kutunza nyaraka zake kwa muda usiopungua miaka 5. Mkaguzi anapofika na kuuliza ankara ya miaka minne iliyopita, jawabu la kwamba kompyuta ya zamani iliharibika halitamtosheleza.

KWA NINI VYOMBO HUBADILISHWA

Diski ngumu ni sahani zinazozunguka kwa kasi kubwa, nazo huchakaa kama kinavyochakaa chombo chochote chenye sehemu zinazocheza. Joto, vumbi, unyevunyevu na chumvi ya upepo wa baharini huharakisha uchakavu huo, na ofisi za Kurasini zinavipata vyote vinne. Kukatika na kurudi kwa umeme kwa ghafla huongeza dhara juu ya dhara.

Sababu ya pili ni kupitwa na wakati. Chombo kinaweza kuwa kizima kabisa lakini kikakosa mwenzake wa kukisoma. Diski laini zilizotumika sana katika miaka ya 1990 hazina tena pa kuingizwa katika kompyuta za sasa; kampuni ya Sony iliacha kuziuza mwaka 2011. Kanda za sumaku za aina ya LTO nazo zina masharti yake: mashine za vizazi vya mwanzo ziliweza kusoma kanda za vizazi viwili vilivyotangulia, lakini mashine ya kizazi cha 8 husoma kanda za kizazi cha 7 na cha 8 tu. Mwenye kanda za kizazi cha 5 akinunua mashine ya kizazi cha 8 atakuwa na mashine mpya na kanda zisizosomeka.

Sababu ya tatu ni programu. Msaada wa kiusalama kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi zimelazimika kununua kompyuta mpya. Programu ya hesabu iliyowekwa miaka kumi na tano nyuma huenda isikubali kufanya kazi katika kompyuta hizo, na mafaili yake yakabaki kama sanduku lililofungwa ambalo ufunguo wake umepotea.

Ushahidi wa jambo hili unapatikana Uingereza. Mwaka 1986 shirika la BBC liliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha sensa kilichoandikwa mwaka 1086 kwa kutengeneza mkusanyiko mpya wa habari za nchi hiyo katika sahani za leza. Haikutimia miaka ishirini ila mashine za kuzisoma sahani zile zilikuwa zimekaribia kwisha duniani, na ikabidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wafanye kazi maalumu, iliyozaa matunda mwaka 2002, ili habari zile zisomeke tena. Kitabu cha mwaka 1086 kwa upande wake kingali kinasomeka. Funzo lake ni kwamba kumbukumbu za kompyuta hazidumu kwa kuachwa zilipo. Hudumu kwa kuhamishwa kabla chombo hakijafa.

HATUA ZA KUFUATA

Ichukuliwe mfano wa ofisi ya wakala iliyopo Kurasini, yenye makao makuu Malindi, Unguja. Ofisi hiyo ina seva moja ya zamani yenye terabaiti 2 za mafaili, na imenunua mpya. Hatua zinazoipasa ni hizi zifuatazo.

Kwanza, kuorodhesha. Kabla ya kugusa chochote, iandikwe orodha ya kila mahali penye kumbukumbu. Seva ni mahali pamoja tu. Zipo pia kompyuta za makarani, diski za mkononi zilizosahauliwa katika droo, barua pepe, na simu za wafanyakazi zenye picha za hati. Karani aliyezoea kuhifadhi ankara katika uso wa kompyuta yake ataondoka nazo siku kompyuta ile itakapobadilishwa. Katika orodha ionyeshwe kila fungu la mafaili ni la nani, ni la miaka gani, linafunguliwa kwa programu gani, na nani ana ruhusa ya kuliona.

Pili, kupanga na kupunguza. Si lazima kila kitu kihamie. Nakala za nakala na mafaili yasiyo na kazi huongeza gharama na mchanganyiko. Hata hivyo, uamuzi wa kufuta usiachiwe fundi wa kompyuta, kwani yeye anajua ukubwa wa faili na hajui thamani yake. Uamuzi huo ni wa mhasibu na mwenye biashara, na uwe wa maandishi.

Tatu, kuweka nakala za akiba. Kanuni inayokubalika na wataalamu ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na mojawapo iwekwe mbali na ofisi. Kwa ofisi ya mfano huu jambo hilo ni jepesi, kwani nakala ya tatu inaweza kukaa Malindi, ng'ambo ya bahari, ambako moto au mafuriko ya Kurasini hayafiki. Nakala ya akiba isiyopata kujaribiwa haihesabiwi kuwa ni nakala. Yachaguliwe mafaili kadhaa, yarejeshwe katika kompyuta nyingine, yafunguliwe na yasomwe.

Ajali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, inaonyesha umuhimu wa hatua hii. Mwezi Disemba mwaka 2021 programu ya kuweka nakala, iliyokuwa na kasoro baada ya kurekebishwa, ilifuta takriban terabaiti 77 za kazi za utafiti, yaani mafaili yapatayo milioni 34 ya vikundi 14. Vikundi vinne kati yao havikuweza kurejeshewa vyao. Chombo kilichokusudiwa kulinda ndicho kilichoangamiza, na waliosalimika ni wale waliokuwa na nakala mahali pengine.

Nne, kufanya jaribio dogo. Lihamishwe fungu moja kwanza, kwa mfano mafaili ya mwezi mmoja, ili matatizo yajitokeze yakiwa bado madogo. Mara nyingi hapo hugundulika kwamba majina marefu ya mafaili yanakataliwa, kwamba tarehe za mafaili zimegeuka kuwa tarehe ya siku ya kunakili, au kwamba ruhusa za kuona zimepotea na kila mfanyakazi anaweza kufungua orodha ya mishahara.

Tano, kusimamisha kazi kwa muda. Mafaili ya hesabu yanayotumika hayanakiliwi huku watu wanaendelea kuandika ndani yake, kwani nakala hiyo itakuwa na nusu ya muamala wa asubuhi na nusu ya muamala wa jioni. Ama programu ya hesabu ifungwe kwa wote, ama itumike njia yake yenyewe ya kutoa nakala kamili. Wakati mwafaka ni mwisho wa wiki ambao hakuna meli inayosubiriwa, baada ya kufunga hesabu za mwezi. Wateja waarifiwe mapema.

Sita, kunakili bila ya kukata. Kompyuta hutoa njia mbili: kunakili, ambako asili hubaki mahali pake, na kukata, ambako asili huondoka. Katika kazi hii itumike njia ya kwanza peke yake. Umeme ukizimika katikati ya kukata, baadhi ya mafaili yanaweza kuwa hayapo huku wala kule. Betri za akiba zikaguliwe kabla ya kazi kuanza.

Saba, kuhakiki. Kuona folda mpya imejaa hakutoshi. Kwanza zilinganishwe idadi ya mafaili na ukubwa wa jumla. Kisha itumike hesabu ya uhakiki, kama ile iitwayo SHA-256, ambayo hulisoma faili zima na kutoa mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika herufi moja tu ndani ya faili, mfululizo wote hutoka mwingine. Mifululizo ya faili la zamani na la jipya ikilingana, nakala ni sahihi. Mwisho, mhasibu afungue mwenyewe ankara za miaka mbalimbali na kulinganisha jumla za hesabu na zile zilizochapishwa kwenye karatasi kabla ya kuhama. Mashine huhakiki kuwa faili ni lile lile. Mwanadamu huhakiki kuwa linafaa kwa kazi.

Nane, kuvitunza vya zamani kwa muda. Seva ya zamani izimwe lakini isiondolewe mpaka upite angalau mwezi mmoja kamili wa kazi, hesabu zifungwe na ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani iwasilishwe kwa kutumia chombo kipya. Kasoro nyingi hazionekani mpaka siku ya kufunga hesabu.

NJIA YA KUSAFIRISHIA

Wengi hudhani kwamba njia bora ya kupeleka nakala kutoka Kurasini hadi Malindi ni mtandao. Hesabu inaonyesha vingine. Terabaiti 2 zikipitishwa katika laini ya megabiti 10 kwa sekunde zitachukua sekunde 1,600,000, ambazo ni zaidi ya siku 18 mchana na usiku, ikiwa laini haitakatika hata mara moja. Kwa upande mwingine, diski ya mkononi inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde itajazwa kwa muda wa saa tano na nusu, na boti ya abiria huchukua takriban saa mbili kufika Unguja. Kazi ya wiki mbili na nusu hukamilika kwa siku moja.

Aidha, mtandao una ajali zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na huduma ya intaneti ikazorota katika Tanzania na nchi jirani. Unguja nayo ilikosa umeme kwa muda wa miezi mitatu hivi, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mpango wa kuhama uzingatie kwamba umeme na mtandao vinaweza kukosekana siku ile ile vinapohitajika.

Diski inayosafirishwa lazima ifungwe kwa neno la siri kwa njia ya usimbaji, ili ikiibwa au ikisahauliwa kwenye kiti cha boti isimfae aliyeiokota. Neno la siri lisiandikwe juu ya diski wala kusafiri pamoja nayo. Na diski hiyo isiwe ndiyo nakala pekee.

Panapohusika seva yenye diski kadhaa zilizopangwa kwa mtindo wa RAID, isidhaniwe kwamba diski moja itasomeka peke yake, kwani kumbukumbu zimegawanywa baina ya diski zote. Zikilazimika kuchomolewa, kila moja ibandikwe namba ya nafasi yake.

KUFUNGULIKA BAADA YA MIAKA

Ikiwa programu ya zamani haitahamia katika kompyuta mpya, mafaili yake yageuzwe kuwa katika miundo inayosomwa na programu nyingi. Ankara na hati zilizokwisha kukamilika zihifadhiwe kama PDF/A, muundo uliowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya hifadhi ya muda mrefu. Orodha za hesabu zitolewe katika muundo wa CSV, ambao ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa alama ya mkato. Mafaili ya asili yasitupwe, kwa kuwa ugeuzaji unaweza kuacha kitu.

Hayo yana uzito mbele ya sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini katika kupima uzito wake hutazamwa namna zilivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na namna uzima wake ulivyolindwa. Mteja na wakala wakigombania gharama za kontena lililochelewa yadini, mwenye daftari la uhamisho na matokeo ya uhakiki atasikilizwa vizuri zaidi kuliko anayeleta faili lisilojulikana lilikotoka.

KUVIONDOA VYOMBO VYA ZAMANI

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kufuta faili kwa njia ya kawaida huondoa jina lake katika orodha tu, na yaliyomo hubaki mpaka yaandikiwe juu. Diski inayouzwa kwa fundi wa mitumba huenda ikawa imebeba pasipoti za wateja, namba za akaunti na bei za siri za biashara.

Benki ya Morgan Stanley ya Marekani ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Katika kufunga vituo vyake viwili vya kompyuta mwaka 2016, kazi ya kuviondoa vifaa ilipewa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na ujuzi wa kufuta kumbukumbu, na baadhi ya vifaa viliishia kuuzwa kwenye mnada vikiwa na habari za wateja ndani yake. Benki hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 60 mwaka 2020, na nyingine ya dola milioni 35 mwaka 2022.

Kwa ofisi zilizopo Kurasini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Hivyo basi, diski ngumu iandikiwe juu yote kwa programu ya kufutia, au itobolewe na kuvunjwa. Diski zisizo na sehemu zinazozunguka zinahitaji amri maalumu ya kufuta iliyowekwa na mtengenezaji, kwa sababu kuandikia juu peke yake kunaweza kuacha masalio. Namba ya kila diski iliyoharibiwa iandikwe, pamoja na tarehe na jina la aliyeshuhudia.

NANI AWAJIBIKE

Mwezi Aprili mwaka 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha hesabu za wateja wake kwenda katika mfumo mpya. Kumbukumbu zenyewe zilifika salama, lakini mfumo uliozipokea ulishindwa kazi, na wateja wapatao milioni 1.9 wakakosa njia ya kuzifikia akaunti zao. Kazi haikurejea katika hali yake ya kawaida mpaka mwezi Disemba, na mwaka 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Kosa lao lilikuwa katika maandalizi na usimamizi, na hilo linaweza kuipata ofisi ya watu watano kama linavyoipata benki kubwa.

Kwa hiyo, wenye biashara wanahimizwa wasiikabidhi kazi hii kwa fundi mmoja kisha wakageuka kando. Ateuliwe mtu mmoja mwenye dhamana ndani ya ofisi, na fundi afanye kazi chini ya macho yake. Kumbukumbu za wateja ni amana, na amana haihamishwi bila ya shahidi. Uhamisho ukikamilika, iandikwe hati ya makabidhiano yenye orodha ya vilivyohamishwa, matokeo ya uhakiki, mahali zilipo nakala tatu, na tarehe ya uhamisho unaofuata. Hati hiyo itiwe saini na watu wawili, nakala moja ibaki Kurasini na nyingine ipelekwe makao makuu. Izingatiwe kwamba chombo kipya cha leo nacho kitakuwa cha zamani baada ya miaka michache, na atakayekihamisha wakati huo huenda akawa ni karani ambaye bado hajaajiriwa. Hati hiyo ndiyo itakayomwongoza.